Kibuyu cha Jenerosa

Sogea karibu, wewe ambaye homa yako inakuja na kuondoka bila kuaga. Kama mgongo hautaki kiti, lala ubavu. Mimi mwenyewe mambo mengi ya mwaka ule niliyasikiliza nikiwa nimelala ubavu, na hakuna aliyesema sina adabu. Nitakusimulia taratibu, maana najua mgonjwa hapendi maneno ya haraka. Vijidudu na majina yao watakueleza wenye kazi hiyo. Mimi nitakueleza yale yasiyoandikwa kwenye cheti cha hospitali.

Naitwa Mama Obedi. Tunaishi Kitanga, wilaya ya Kasulu, tunalima maharage, mahindi na mihogo. Wazazi wa mume wangu walivuka kutoka Burundi wakiwa vijana, wakabaki, na leo sisi ni Watanzania. Uwanjani kwetu kuna nyumba tatu: yangu na Baba Obedi, ya mama mkwe, na ya shemeji yangu Yoramu, ambaye alimuoa Jenerosa kutoka upande wa Kibondo. Yoramu anafanya biashara ya maharage kule mpakani Manyovu, kwa hiyo siku nyingi hayupo. Jenerosa alikuwa na miaka ishirini na mmoja, ana sauti ya kwaya na mdomo wa utani, na mimi ananiita dada.

Katika ukoo wetu, binti akishika mimba ya kwanza, baba yake akiwa na uwezo humletea ng'ombe. Maziwa ya ng'ombe huyo ni ya mwenye mimba peke yake, na hayapiti jikoni. Yanatoka kwenye kiwele, yanaingia kwenye kibuyu, yanamfikia binti yakiwa bado na joto la ng'ombe. Ukiyachemsha, wazee wanasema, chuchu za ng'ombe zitapasuka, na ni kama umeurudisha mkono wa baba aliyemleta. Niliolewa katika desturi hiyo na niliipenda. Baba yangu mimi alikuwa maskini, hakuleta ng'ombe, na hakuna aliyenisimanga kwa hilo. Lakini nilijua.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mwezi wa kumi na moja, Mzee Stanslausi, baba yake Jenerosa, alifika na ng'ombe mwekundu mwenye mimba kubwa. Wiki tatu baadaye yule ng'ombe alishikwa na uchungu kabla ya miezi yake kutimia. Wakaniita mimi. Nina mikono myembamba, na kijijini kwetu ng'ombe akishindwa kuzaa husema, "Mwiteni Mama Obedi." Sikuwahi kuvaa kitu mkononi. Nilikuwa nawaambia watu kwamba mkono uliofunikwa hauoni.

Ndama alitoka amelegea, hapumui. Nilimfuta pua kwa kiganja, nikaweka mdomo wangu, nikampulizia. Mara ya tatu akapiga chafya usoni kwangu, watu wakashangilia. Kondo la nyuma lilikataa kutoka, na siku ya pili nikalitoa kidogo kidogo kwa mikono hii hii, lilikuwa limeanza kunuka. Mama mkwe alinishika bega, akasema, "Huyu mwana wangu ana mkono wa baraka." Nilitembea siku nzima nimenyoosha shingo.

Tangu hapo kazi ya kukamua ikawa yangu. Asubuhi na jioni nilijaza kibuyu na kumpelekea Jenerosa mlangoni.

"Dada, leo umechelewa, mtoto anapiga ngoma."

"Mwambie asubiri, mimi si redio."

Mimi mwenyewe sikuonja hata tone. Hayakuwa yangu.

Homa yangu ilianza kabla ya Krismasi. Asubuhi nilikuwa mzima, nalima. Ikifika saa kumi jioni mwili unakuwa kama umewekewa makaa kwenye mifupa. Kisha jasho. Si jasho la jua, ni jasho la kulowesha godoro, lenye harufu ya majani yaliyooza. Asubuhi naanika shuka, jirani anaona, kesho naanika tena, jirani anaona tena.

Zahanati walinipima malaria, hakuna. Wakanipa dawa ya malaria, labda imejificha. Nikapata nafuu siku nne. Januari, wakati wa kung'oa maharage, kiuno kilikataa kuinama. Nilikuwa nang'oa nimepiga magoti kama mtu anayesali shambani. Duka la dawa wakasema taifodi, nikameza. Kisha UTI, nikameza. Mtu mwingine akasema ni mishipa. Kila dawa ilinipa siku chache za nafuu, halafu makaa yanarudi saa kumi jioni, kama mtu anayerudi kazini kwake. Nywele zilikatika. Gauni la kanisani likawa linanizunguka mara moja na nusu.

Msomaji wangu, katika hali hiyo maneno huumiza kuliko mifupa. Kisimani nilisikia, "Yule kapungua, si bure." Nilikwenda kupima virusi kwa hiari yangu, sina, nikampa Baba Obedi cheti akisome. Alikisoma, akakikunja, akakitia mfukoni. Lakini godoro alihamishia chumba cha pili, akisema jasho langu linamnyima usingizi. Sikumlaumu, ila nililia. Kesho yake nilikuta amenichemshia maji ya kuoga na ameweka kigoda bafuni ili nisiiname. Mtu mmoja anaweza kuhamisha godoro na kukuchemshia maji, yote kwa siku moja. Usimhukumu wako kwa nusu ya siku.

Mwisho wa Februari nilipanda bodaboda hadi barabarani, kisha gari, mpaka Kasulu mjini, hospitali. Nilifika saa mbili asubuhi, nikakaa kwenye benchi la mbao pamoja na watu wengine wengi. Kiuno hakikutaka benchi. Pembeni yangu alikaa mama wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, mnene, amejifunga kitenge cha manjano.

"Mama, uko unaumwa na nini?" akaniuliza.

"Sijui, dada. Kila mtu ananitajia lake."

"Aah, miye vilevile. Lala hapa." Akapiga paja lake. "Lala tu, hii mwili Mungu alinipa ni ya watu wote."

Nikalala pajani kwa mtu nisiyemjua, mpaka saa saba jina langu lilipoitwa. Jina lake sikuuliza. Mpaka leo ninamwombea kwa jina la Mama Kitenge.

Tabibu alikuwa dada kijana mwenye miwani. Alisoma daftari langu lote, ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Mkulima."

"Unafuga?"

"Hapana. Kuna ng'ombe nyumbani, lakini ni wa mke wa shemeji."

"Nani anamkamua?"

"Mimi."

"Nani alimzalisha?"

"Mimi."

Akacheka kidogo. "Basi unafuga, mama. Alizaa salama?"

Nikamweleza: kabla ya miezi, ndama dhaifu, kondo kukataa, nilivyompulizia. Nilieleza kwa majivuno, bado. Naye uso ulikuwa unabadilika taratibu. Akaandika kipimo cha damu. Majibu yalipotoka saa tisa, aliniambia kwamba nina bruselosisi, ugonjwa ambao ng'ombe, mbuzi na kondoo huwapa watu. Unatibika, alisema. Vidonge vya aina mbili, wiki sita, bila kuruka hata siku moja.

Nilifurahi! Miezi miwili na zaidi nilikuwa sina jina la kuita adui yangu.

"Na maziwa," akasema, "mnachemsha?"

"Mimi siyanywi. Yale ni ya Jenerosa, mke wa shemeji. Ana mimba ya miezi sita, anayanywa hivyo hivyo, na joto la ng'ombe."

Akaweka kalamu chini.

"Mama, sikiliza vizuri. Huu ugonjwa kwa ng'ombe unaharibu mimba. Kwa mwanamke pia unaweza. Asinywe tena, hata jioni hii. Umlete kesho, usingoje tarehe yake ya kliniki."

Nilipotoka nje jua lilikuwa kali lakini mimi nilisikia baridi. Kibuyu nilikuwa nakipeleka mimi. Asubuhi na jioni, kwa mikono hii, na utani juu yake.

Nilimpigia Baba Obedi. "Jenerosa asinywe maziwa!"

"Nani kazimia?"

"Maziwa! Asinywe!"

"Mama Obedi, una homa, tafuta kivuli ukae." Simu ikakatika, na nilipopiga tena haikupatikana. Kwetu mtandao unashuka bondeni na kupanda kilimani kama mbuzi.

Kukamua ni saa kumi na moja jioni. Gari lilijaa saa tisa na nusu, na njiani likasimama mara mbili, tope. Saa kumi homa ilikuja kama kawaida yake, nikawa natetemeka huku nahesabu vituo. Pale barabarani nilimwambia kijana wa bodaboda akimbize. Akaniambia, "Mama, hali yako na utelezi huu, nikikuangusha nitasema nini?" Nikamwambia aseme nilimlazimisha.

Nilipoingia uwanjani mama mkwe alikuwa ameshakamua kwa niaba yangu. Jenerosa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, kibuyu kimeinuliwa, kimefika mdomoni.

Sikuwa na pumzi ya kuita. Nilikwenda moja kwa moja nikakipiga. Kikaanguka, maziwa yakatapakaa ardhini mbele ya watu wote.

Kama wewe ni mtu wa kwetu, unajua nilichokifanya. Kumwaga maziwa ya ng'ombe wa baba, mbele ya binti mwenye mimba! Mama mkwe alishika kichwa kwa mikono miwili. "Oya! Hapana! Umefanya nini, mwana wangu?"

Nikaeleza, meno yakigongana. Nilieleza vibaya. Nilianzia katikati, nikarudi mwanzo, nikasahau jina la ugonjwa. Walichosikia wao ni kwamba ng'ombe wa Mzee Stanslausi ana ugonjwa na maziwa yake ni sumu.

Mama mkwe alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akasema taratibu, na ule utaratibu ndio uliouma. "Baada ya Obedi mimba zako mbili ziliharibika. Baba yako hakuleta ng'ombe. Leo wa mwenzako ameleta, maziwa unayamwaga. Nikuelewe vipi?"

Baba Obedi akasema, "Mama, tafadhali." Lakini na yeye alikuwa ananitazama.

Ndugu yangu, katika kona fulani ya moyo wivu ulikuwepo. Ulikuwepo tangu siku ng'ombe alipofika. Ila sio huo uliokipiga kibuyu.

Aliyejibu ni Jenerosa. Alikuwa anatazama maziwa yakiingia kwenye udongo.

"Mama," akasema, "mimi pia natoka jasho."

Akaweka mkono kiunoni.

"Tangu mwezi uliopita. Kila usiku. Shuka naanikia nyuma ya nyumba, msione. Na kiuno, hapa. Nilifikiri nikisema, mtasema ng'ombe wa baba ana mkosi."

Mama mkwe alikaa chini palepale kwenye tope. Kisha akanyoosha mkono na kumshika Jenerosa mguu, akasema, "Kesho na mimi naenda huko Kasulu. Anieleze mimi huyo daktari, maana huyu wenu hajui kueleza." Ndiyo, akasema hivyo hivyo. Nilicheka na meno bado yanagongana.

Kesho yake tulikuwa watatu kwenye benchi. Damu ya Jenerosa ilisema kama yangu. Walimpima na chombo cha kusikiliza tumboni, na tabibu alizungusha kile chombo akitafuta, akitafuta, na mama mkwe alinifinya vidole mpaka vikafa ganzi. Kisha tukasikia: tuk-tuk-tuk, haraka, kama jogoo anayedonoa bati. "Yupo," tabibu akasema. "Sasa tumsaidie abaki."

Tukaanza kumeza pamoja. Vya Jenerosa vilichaguliwa kwa mwenye mimba, vyangu vilikuwa tofauti kidogo. Mama mkwe alichora mistari arobaini na miwili ukutani kwa mkaa, na kila jioni alifuta mmoja baada ya kutufungua midomo kama watoto. Siku ya kwanza Jenerosa alitoka chooni analia. "Dada, damu! Inatoka damu!" Ilikuwa dawa tu, inageuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, na tabibu alikuwa ametuonya, ila nani anakumbuka. Tukaona hadi machozi yake yana rangi. Mimi vidonge vyangu vilinifanya nichukie jua. Ngozi ilikuwa inawaka, nikawa napalilia na mikono mirefu ya koti la Baba Obedi.

Wiki ya nne homa ilikata kabisa. Nililala usiku mzima mkavu. Nikajisemea, nimepona, vidonge vinanichafua tumbo, naacha. Nilivificha viwili vya asubuhi chini ya godoro. Mama mkwe alivikuta akitandika. Hakugomba. Alivishika mkononi, akanionyesha mistari iliyobaki ukutani, akasema, "Huyu aliye tumboni anakuangalia wewe unavyomeza." Nikameza. Ukifika wiki ya nne, mtu wangu, utajisikia mzima. Hapo ndipo penye hatari. Endelea.

Katikati ya haya yote afisa mifugo alikuja akatoa damu ya ng'ombe, na majibu yakathibitisha. Akasema ng'ombe huyo hana tiba, na yeye na ndama wake wataondolewa kwa usimamizi wake. Ikabidi Mzee Stanslausi aitwe. Niliogopa siku hiyo kuliko hospitali. Baba anaweza kusema, mmekataa mkono wangu, nirudishieni binti. Yoramu alirudi kutoka Manyovu kwa ajili hiyo tu, amevaa shati la harusi yake.

Mzee alikaa, akapewa uji, hakuugusa. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kueleza. Safari hii nilianza mwanzo na kwenda taratibu. Nilimwambia jinsi homa inavyokuja jioni. Jasho. Kiuno kinachokataa kuinama. Mwili unaopungua. Nafuu ya siku nne, kisha makaa tena. Nilimwambia kwamba ng'ombe hana kosa, na aliyemleta hana kosa. Alisikiliza ametazama chini, fimbo katikati ya magoti. Nilipomaliza aliigeuza fimbo mkononi.

Kisha akasema, "Mama yake Jenerosa ana hayo yote. Mwaka wa tatu huu. Tunamwambia ni uzee." Akainua uso. "Hiyo damu, wanapima wapi?"

Nilimwandikia kwenye karatasi. Akaikunja mara nyingi sana, akaitia kwenye kofia. Ndipo akanywa uji.

Mvua zilipokuwa zinakatika, mwezi wa tano, Jenerosa alijifungua hospitalini, wiki mbili kabla ya tarehe. Mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Mama mkwe aliingia wodini na chupa ya chai. Ndani yake hakukuwa na chai. Yalikuwa maziwa ya jirani, ameyachemsha mwenyewe mpaka yakapanda, akayaacha yachemke, kisha akayamimina kwenye chupa ili yafike yakiwa na joto.

"Kunywa, mwana wangu," akamwambia Jenerosa. "Joto ni lile lile."

Mimi sasa kiuno bado kinanikumbusha nikibeba ndoo ya maji, lakini nalima wima. Watu bado wananiita kuzalisha ng'ombe wao. Ninakwenda na glovu ndefu nilizopewa na afisa mifugo, simpulizii ndama kwa mdomo tena, namsugua kwa majani makavu, na mkono uliofunikwa, nimegundua, unaona vizuri tu. Mama yake Jenerosa alimaliza vidonge vyake wakati wa kiangazi. Mistari yake pia ilichorwa ukutani, kule Kibondo.

Nimeandika haya kwa ajili ya kitu kimoja. Watu wanne walinitibu kabla ya yule dada mwenye miwani. Hakuna aliyeniuliza habari za ng'ombe, nami sikusema, kwa kuwa nilidhani hayahusiani na kwa kuwa ng'ombe hakuwa wangu. Wewe usingoje kuulizwa. Ukiwa na homa inayorudi, ukishakaa mbele ya tabibu, kabla hajashika kalamu, mwambie: "Nyumbani kwetu kuna mifugo, na mimi naishika." Kisha mwombe akupime damu.